Ramana Maharshi: Mtawa aliyemkimbia mama, mama akamfuata mlimani

ASUBUHI ya Septemba 1, 1896, kijana wa miaka 16 alishuka kwenye treni katika mji wa Tiruvannamalai, kusini mwa India, akatembea moja kwa moja hadi katika hekalu kuu la Shiva lililo chini ya mlima Arunachala.

Baada ya kutoka hekaluni alinyolewa nywele zote, akatupa katika bwawa la maji rupia chache alizobaki nazo pamoja na kifurushi cha vyakula vitamu alichopewa njiani, akaivua kamba takatifu inayovaliwa na watu wa tabaka la Brahmini, kisha akachana kipande cha shuka yake kusitiri utupu. Tangu siku hiyo hakushika tena fedha mkononi mwake, wala hakutoka tena katika mji huo na mlima wake hadi alipofariki Aprili 14, 1950.

Huyo ndiye Ramana Maharshi, mmoja wa watawa wa Kihindu waliopata sifa kubwa zaidi katika karne ya 20. Wengi wanamfahamu kwa swali moja alilowataka wafuasi wake wajiulize, yaani mimi ni nani. Ni wachache wanaofahamu kuwa ashramu yake, ambayo hadi leo hupokea wageni kutoka kila pembe ya dunia, haikujengwa kwa ajili yake. Ilianza kama kibanda cha makuti juu ya kaburi la mama yake, mama yule yule aliyemtoroka akiwa mwanafunzi.

Jina lake la kuzaliwa ni Venkataraman. Alizaliwa Desemba 30, 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, si mbali na Madurai, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake, Sundaram Iyer, alikuwa akiwatetea watu mahakamani, na nyumba yake ilijulikana kwa kupokea wageni. Mama yake aliitwa Alagammal.

Baba alifariki mwaka 1892, na familia ikagawanyika. Venkataraman na kaka yake mkubwa, Nagaswami, walipelekwa Madurai kwa baba yao mdogo, na mama akabaki na wadogo. Huko Madurai kijana alisoma katika shule ya wamisionari wa Kimarekani. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipenda mpira, mieleka na kuogelea, na usingizi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba wenzake waliweza kumbeba akiwa amelala, wakampiga na kumrudisha kitandani bila yeye kuamka.

Katikati ya Julai 1896 lilimpata jambo ambalo alilisimulia mara nyingi baadaye. Akiwa peke yake katika chumba cha ghorofani, mwenye afya njema kabisa, aliingiwa ghafla na hofu ya kufa. Hakumwita mtu. Alijilaza chini, akanyoosha viungo kama maiti, akabana pumzi na kufumba mdomo, kisha akajiuliza ni nani hasa anayekufa mwili unapokufa. Jibu alilolipata ni kwamba mwili utabebwa na kuchomwa, lakini anayejiita mimi hahusiki na moto huo. Alipoinuka, hofu ilikuwa imekwisha, na kwa maelezo yake haikurudi tena.

Kuanzia hapo masomo yakamshinda. Kila jioni alikwenda kusimama katika hekalu la Meenakshi. Nagaswami aliyaona hayo na hakuyapenda.

Agosti 29 mwaka huo mwalimu alimpa adhabu ya kunakili somo la sarufi ya Kiingereza mara tatu. Alinakili mara mbili, akasukuma vitabu pembeni na kufumba macho. Kaka yake akamwambia kwa ukali kwamba mtu mwenye tabia za kitawa hana haki ya kuishi kwa raha za nyumbani. Maneno hayo yalisemwa kwa hasira ya kawaida ya ndugu, lakini mdogo mtu aliona ni kweli tupu.

Aliinuka akisema ana kipindi shuleni. Kaka, bila kujua anamfadhili safari, akamwagiza achukue rupia tano na kumlipia karo ya chuo akiwa njiani. Venkataraman alichukua tatu tu, akaziacha mbili pamoja na barua fupi. Rupia hizo ni zile zile za India ambazo wakati huo zilitumika pia katika maduka ya Unguja na Mombasa.

Barua ile ilieleza kwamba anakwenda kumtafuta Baba yake kwa amri ya Baba huyo, kwamba hakuna ubaya katika safari hiyo, na kwamba mtu yeyote asihuzunike wala asitumie fedha kumtafuta. Mwisho alikumbusha kuwa karo haijalipwa na kwamba rupia mbili zipo. Ilianza kwa neno mimi, ikaendelea kwa kujiita hiki, na mahali pa sahihi palikuwa na mstari tu.

Baba aliyekusudiwa ni Shiva, ambaye waumini wa Tiruvannamalai wanaamini kuwa ndiye mlima wenyewe. Arunachala una urefu wa takriban mita 800, na uko chini ya kilomita 200 kusini magharibi mwa Chennai, mji ambao zamani uliitwa Madras. Kila mwaka kati ya Novemba na Desemba, katika sikukuu ya Karthigai Deepam, moto mkubwa huwashwa kileleni, na mahujaji huuzunguka mlima kwa miguu, mwendo wa kilomita 14. Hekalu lililo chini yake ni moja ya mahekalu matano ya kusini yanayowakilisha asili tano za ulimwengu, nalo ni la moto. Mnara wa lango lake la mashariki una ghorofa 11 na urefu wa mita 66. Kijana wa Madurai hakuyajua mengi kati ya hayo. Alikuwa amelisikia jina hilo kutoka kwa jamaa mmoja mzee mwishoni mwa mwaka 1895, na hadi siku hiyo alikuwa hajui kwamba ni mahali ambapo mtu anaweza kufika.

Treni ya mchana ilichelewa, la sivyo angeikosa. Ramani ya zamani aliyoitumia haikuonyesha reli ya kufika Tiruvannamalai, hivyo alikata tiketi ya mbali kuliko ilivyohitajika, na alipogundua kosa nauli ilikuwa imekwisha. Alitembea kwa miguu, akalala hekaluni, akazimia kwa njaa, akalishwa na watu asiowajua. Katika kijiji cha Kilur aliweka rehani vipuli vyake vya dhahabu kwa rupia nne, akapewa karatasi yenye anuani ili aje kuvikomboa. Alipofika kituo cha reli aliichana.

Miezi ya kwanza mjini ilikuwa migumu. Aliketi kimya katika ukumbi wa nguzo elfu moja wa hekalu, na watoto wakamfanya shabaha ya mawe. Alikimbilia chumba cha chini ya ardhi ambacho jua halifiki, na huko wadudu wakamla mapaja hadi yakatoka damu na usaha, naye hakuinuka. Aliyemkinga na watoto wale ni Seshadri Swamigal, mtawa aliyemtangulia kufika mjini na ambaye wenyeji wengi walimdhania kichaa. Seshadri alifariki mwaka 1929, na ashramu yenye jina lake iko jirani kabisa na ya Ramana.

Hatimaye watu wazima walimtoa kwa kumbeba. Alihamishwa kutoka kibanda kimoja hadi kingine, akilishwa kikombe kimoja cha chakula kwa siku, nywele zikiwa zimeshikamana na kucha zimejikunja. Kwa kuwa hakusema neno, watu walidhani ameweka nadhiri ya kunyamaza. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa hakuweka nadhiri yoyote, bali hakuona sababu ya kusema.

Wakati huo wote nyumbani kulikuwa na maombolezo. Alagammal aliwatuma jamaa wamtafute kila mahali, bila mafanikio. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla habari hazijafika kuwa mtawa kijana wa Tiruvannamalai ni mtoto wa Tiruchuli. Mwaka 1898 baba mdogo, Nelliappa Iyer, alikwenda kumwona akajaribu kumshawishi kwa upole, akaahidi kwamba nyumbani ataachwa aendelee na utawa wake. Kijana hakutingisha hata kope, na mzee akarudi mikono mitupu.

Mama hakukubali jibu hilo. Desemba mwaka huo huo, Nagaswami alipopata likizo, walisafiri pamoja. Walimkuta juu ya jiwe katika kilima cha Pavalakunru, kilichoshikamana na Arunachala. Pamoja na uchafu na nywele zile, Alagammal alimtambua mara moja. Kila siku alimpandia na vyakula alivyotengeneza kwa mkono wake, akamsihi, akamlaumu, akalia. Mtoto hakujibu. Siku moja mama alipobubujikwa machozi, mwanawe aliinuka akaondoka.

Mama akawageukia waliokuwepo, akawaomba wamsaidie. Mmoja wao alimpa kijana karatasi na kalamu, akamsihi kwamba kama hataki kusema basi aandike. Aliandika kwamba Mwenye kupanga huongoza maisha ya kila mtu kulingana na matendo yake ya nyuma, kwamba lisilopangwa halitakuwa hata mtu akihangaika vipi, na lililopangwa litakuwa hata likizuiwa, na hivyo lililo bora ni kunyamaza.

Kwa mzazi aliyesafiri mwendo ule, hayo ni majibu ya jiwe. Wafuasi wa Ramana wameyaeleza kwa namna nyingi, kwamba aliandika kwa ujumla na si kwa mama peke yake, na kwamba alikuwa katika hali isiyo na wangu wala wako. Hayo yanaweza kuwa kweli. Ni kweli pia kwamba Alagammal alirudi nyumbani bila mtoto.

Mwaka uliofuata Ramana alipanda mlimani, na kwa miaka takriban 17 makazi yake makuu yakawa pango la Virupaksha. Huko ndiko alianza kuzungumza kidogo kidogo. Kati ya mwaka 1900 na 1902 karani mmoja wa serikali, Sivaprakasam Pillai, alimwuliza maswali, naye akajibu kwa kuandika mchangani, kwenye ubao na kwenye karatasi. Majibu hayo yalikuja kuchapishwa mwaka 1923 katika kijitabu kinachoitwa Nan Yar, maana yake Mimi ni nani, na hadi leo ndicho muhtasari unaosomwa zaidi wa mafundisho yake. Anasema humo kwamba kila wazo linapozuka mtu afuatilie limemzukia nani, na akifika kwenye mzizi wa mimi, mengine yatajiporomokea.

Jina la Ramana Maharshi alipewa mwaka 1907 na Ganapati Muni, mwanazuoni wa Kisanskriti aliyekuwa tayari na wafuasi wake mwenyewe. Muni alifika pangoni akiwa amechoka na kukata tamaa baada ya miaka ya ibada, akaondoka akitangaza kwamba kijana yule ni mwonaji mkuu. Mwaka 1911 alifika Mzungu wa kwanza anayejulikana kumwendea kama mwanafunzi, ofisa wa polisi Frank Humphreys.

Alagammal naye alikuwa akija, akikaa siku chache na kurudi. Nagaswami, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameshafariki. Katika ziara ya mwaka 1914 alishikwa na homa ya matumbo, akaweweseka kwa siku nyingi. Mtoto aliyewahi kuinuka na kumwacha akilia sasa alikesha pembeni yake akimuuguza, na akatunga beti za kuuomba mlima umponye. Katika maisha yake yote ya Tiruvannamalai, hilo ni ombi la nadra mno. Mama akapona.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 alirejea, safari hii kwa nia ya kubaki. Wafuasi walipinga. Walihofu kwamba mtawa ambaye tayari alishawaacha jamaa zake atahama akiona familia inamfuata. Inasimuliwa kwamba Ramana alimshika mama mkono akasema waondoke wote wawili wakatafute mahali pengine, na hapo wafuasi ndipo walipoomba radhi. Mama akabaki.

Muda si mrefu walihamia juu zaidi, katika makazi ya Skandashram yenye chemchemi na nafasi ya kutosha. Hadi wakati huo watawa wale walikula kilicholetwa na waumini au kilichoombwa mjini. Alagammal aliwasha jiko. Mdogo wake Ramana, Nagasundaram, ambaye alikuwa amefiwa na mke na kumwacha mtoto wa kiume katika malezi ya dada yao, naye alikuja, akavaa mavazi ya kitawa na kupewa jina la Niranjanananda Swami. Kwa maneno mengine, familia iliyovunjika mwaka 1892 ilikuwa imekusanyika tena juu ya mlima.

Haikuwa nyumba ya upendeleo. Ramana aliweza kuzungumza na kila mgeni na asimjibu mama yake, na alipolalamika alijibiwa kwamba wanawake wote ni mama zake, si yeye pekee. Alagammal alikuwa mshika miiko ya Brahmini kuhusu chakula na kuguswa, na mtoto alimtania kwa hilo, akimwonya kwamba kitunguu kinaweza kumzuia kufika mbinguni. Mwanzoni mama aliumia na kulia. Miaka ilivyosonga alilia kidogo zaidi.

Mei 19, 1922 alikuwa mahututi. Ramana aliketi karibu naye tangu asubuhi hadi yapata saa mbili usiku, mkono wa kulia ukiwa kifuani pa mama na wa kushoto kichwani, huku waliokuwepo wakiimba na kusoma. Pumzi ilipokatika aliinuka akala chakula, akiwaalika na wengine, jambo ambalo kwa desturi ya Kibrahmini halifanywi kabla ya utakaso wa msiba. Alieleza kwamba hakukuwa na msiba, kwa kuwa mama amefika alikokuwa akienda.

Lilizuka suala la mazishi. Wahindu wa kawaida huchomwa moto, ila watawa waliofikia ukamilifu huzikwa. Je, mwanamke anastahili? Miaka mitano hivi kabla ya siku hiyo Ramana alishaulizwa swali hilo na Ganapati Muni, akajibu kuwa ukombozi haubagui mwanamume na mwanamke. Hivyo Alagammal alizikwa kama mtakatifu chini ya mlima, upande wa kusini, na juu ya kaburi likawekwa jiwe la ibada ya Shiva.

Ramana aliendelea kuishi juu, akiteremka karibu kila siku kutembelea kaburi. Desemba 1922 aliteremka kama kawaida, na hakupanda tena kurudi. Alisema hakuamua kwa hiari yake, kuna nguvu iliyomweka pale. Kibanda kilichokuwepo kikaongezewa kingine, kikaja kisima, jiko, ukumbi, zizi la ng'ombe. Ndivyo ilivyozaliwa Sri Ramanasramam.

Usiku wa Juni 26, 1924 wezi walivamia wakidhani pana mali. Ramana aliwazuia vijana waliotaka kupambana, akawaambia wezi waingie wachukue wanachokitaka, wakampiga rungu la paja hata hivyo. Waliambulia vitu vya thamani ndogo.

Siku ya Maharshi ilianza kabla ya alfajiri, jikoni. Kwa miaka mingi alikata mboga, akasaga viungo na kusimamia kupika, na hakuruhusu punje ya mchele wala bua la mchicha litupwe. Alichonga fimbo na kung'arisha pawa za vifuu vya nazi. Kitu kisichoweza kugawiwa kwa wote hakukila, na mhudumu aliyemwongezea sehemu alijikuta akinyimwa sura njema siku nzima. Mchana aliketi katika ukumbi ambao mlango wake haukufungwa usiku wala mchana. Mtu aliingia bila kuandikisha jina, akauliza au asiulize, akakaa saa moja au miaka 20.

Watu wa mbali walianza kuingia kwa wingi baada ya mwandishi wa habari Mwingereza, Paul Brunton, kufika mwaka 1931 na kuchapisha kitabu chake A Search in Secret India mwaka 1934. Mwaka 1938 alipita mwandishi wa riwaya Somerset Maugham, ambaye mtawa wa riwaya yake The Razor's Edge, ya mwaka 1944, amechorwa kwa kumfuata Ramana. Mwaka huo huo wa 1938 alifika Rajendra Prasad, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa India huru, kwa ushauri wa Mahatma Gandhi. Gandhi mwenyewe hakuwahi kuonana naye.

Pamoja na sifa hizo, ashramu haikuwa pepo. Katika ukumbi wa chakula Wabrahmini waliketi upande wao, wakitenganishwa na wengine kwa pazia, na Ramana aliketi mahali ambapo pande zote mbili zilimwona. Yeye aliivua kamba ya tabaka lake akiwa na miaka 16, lakini hakuwalazimisha wageni wake kuvua zao. Watetezi wake husema hakutaka kumkwaza mtu yeyote aliyekuja kutafuta amani. Hata hivyo, msomaji wa leo ana haki ya kujiuliza yule aliyekuwa upande wa pili wa pazia alijisikiaje.

Kulikuwa pia na ugomvi wa mali. Niranjanananda alishika usimamizi tangu mwaka 1930, akaujenga uchumi wa ashramu kwa mkono mgumu, na baadhi ya wafuasi wa zamani hawakumvumilia. Mmoja wa waliowahi kuwa wasimamizi alifungua kesi akidai haki yake. Kwa kuwa Ramana hakutoka mjini wala hakuonekana inafaa kumwita mahakamani, ushahidi wake ulichukuliwa ashramu kwenyewe mwaka 1936. Alipotakiwa kutaja yuko katika hatua ipi kati ya hatua nne za maisha zinazotambuliwa na Wahindu, alijibu kuwa hayumo katika yoyote. Wanasheria wa kidunia walikuwa na kazi siku hiyo.

Mwaka 1938 uliandikwa wosia uliokabidhi usimamizi wa ashramu kwa Niranjanananda na baada yake kwa uzao wake. Kwa mtu ambaye hakushika hata sarafu kwa zaidi ya miaka 40, ni waraka wa ajabu. Waliolalamika walisema utawa umegeuzwa urithi wa ukoo. Waliounga mkono walisema bila wosia ule ardhi ingegawanywa mahakamani kipande kwa kipande. Mwenyewe aliendelea kukata mboga. Wafuasi waliwahi kumsikia akieleza kwamba zaidi ya mara moja alitamani kutoroka akaishi peke yake, na kila mara kikatokea cha kumrudisha.

Mwaka 1939 ulianza ujenzi wa hekalu la mawe juu ya kaburi la Alagammal. Kazi ilichukua miaka kumi. Ramana aliyeonekana kutojali majengo alikwenda kutazama mafundi, akakagua michoro, na hata usiku alionekana akitembea kati ya nguzo. Wakati ujenzi ukiendelea alifariki ng'ombe Lakshmi, Juni 18, 1948. Lakshmi aliletwa akiwa ndama mwaka 1926, na wenyeji waliamini kuwa ndani yake amerudi bibi mmoja maskini aliyekuwa akimchumia Ramana mboga za mlimani enzi za mapangoni. Maharshi aliketi karibu na ng'ombe huyo akamwekea mikono kama alivyomwekea mama yake, akazikwa ndani ya ashramu na kutungiwa maandishi ya kaburi.

Hekalu la mama lilizinduliwa Machi 1949 mbele ya umati mkubwa. Wakati huo mwana tayari alikuwa mgonjwa. Mwezi uliotangulia daktari alikata uvimbe mdogo kwenye kiwiko chake cha kushoto, ukarudi. Ilikuwa saratani. Alifanyiwa upasuaji mara nne kati ya Februari na Desemba mwaka huo. Madaktari walipendekeza kuukata mkono wote, akakataa, akisema mwili wenyewe ni ugonjwa na uachwe ufikie mwisho wake. Kwa tiba nyingine hakubishana, aliwaachia waliompenda wajaribu walichotaka, kuanzia miale ya radiamu hadi dawa za miti shamba.

Maumivu yalikuwa makali, na hakuyaficha wala hakuyalalamikia. Alipohamishiwa chumba kidogo pembeni, alisisitiza wageni waendelee kumwona, na wakapita kwa mstari mlangoni hadi siku ya mwisho. Waliomlilia kwamba anawaacha aliwauliza angekwenda wapi.

Jioni ya Aprili 14, 1950 wafuasi waliokaa nje ya chumba walianza kuimba utenzi wa kuusifu Arunachala ambao yeye mwenyewe aliutunga miaka ya mapangoni. Waliokuwa ndani waliona machozi yakimtiririka. Saa 2:47 usiku pumzi ilikoma bila kishindo. Dakika hiyo hiyo mpiga picha maarufu wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa Tiruvannamalai kwa siku kadhaa, aliona kimondo kikipita polepole angani kuelekea mlimani, akatazama saa yake. Wengine wengi walikiona pia.

Alizikwa kesho yake ubavuni mwa hekalu la mama yake. Niranjanananda alifariki Januari 1953, na uongozi ukaenda kwa mwanawe Venkataraman, yule mtoto aliyeachwa bila mama, kama wosia ulivyoelekeza.

Watawa wengine wamepita Tiruvannamalai tangu hapo. Anayekumbukwa zaidi ni Yogi Ramsuratkumar, aliyetoka kaskazini mwa India, akamwona Ramana katika miaka yake ya mwisho, akaweka makazi mjini humo mwaka 1959 na kufariki Februari 2001. Naye ameacha ashramu isiyo mbali na hiyo. Kila mwezi mbalamwezi inapokamilika maelfu kwa maelfu ya mahujaji huuzunguka mlima, na barabara yao hupita mbele ya lango la Ramanasramam. Wanaoingia hulikuta kwanza hekalu la Alagammal, na kaburi la mwanawe liko pembeni yake. Jiko bado linawaka, na kabla ya wageni kupewa chakula cha mchana, masikini na watawa wanaosubiri nje ndio hupakuliwa kwanza.